Nimefanyiwa upasuaji wa nyonga kwa matundu matatu, nasema nilichokiona

Nyota nne kati ya tano, naziweka hapa mwanzo kabisa mana najua wengine hamfiki mwisho. Nne ni za daktari na wale watu wa chumba cha upasuaji, hiyo moja niliyoibana ni ya maneno matamu ambayo hospitali ilinipa kabla na ukimya iliyonipa baada.

Nyonga yangu ya kulia ilifanyiwa upasuaji wa matundu madogo, ule wa kuingiza kamera, miezi nane iliyopita. Matundu matatu, kila moja kama sentimita moja hivi, nikivaa kaptura huwezi kujua kitu. Na hapohapo ndo penye mtego, kila anayeona makovu anasema aah kumbe kitu kidogo tu, na mimi mwenyewe niliingia na akili hiyohiyo, si kijitabu cha hospitali kilikuwa na picha ya mtu anapanda ngazi huku anacheka na maandishi makubwa kwamba unarudi kwenye shughuli zako ndani ya siku chache. Siku chache! Mi nilitembea na magongo wiki nne.

Maumivu yangu yalianzia kwenye kinena, sio pembeni pale watu wengi wanapopaita nyonga. Nikikaa kwenye gari muda mrefu, nikishuka najikuta natembea kama nimekanyaga msumari. Kuvaa soksi ikawa shughuli, kufunga kamba za viatu nikaacha kabisa nikahamia viatu vya kuchomeka. Halafu kulikuwa na mlio, kak, nikigeuka kitandani. Karibu miaka miwili nilitibiwa mgongo, mara nikaambiwa msuli, mara ikahisiwa ngiri, nikapimwa ngiri haipo. Aliyekuja kuipata ni daktari wa mifupa aliyeniuliza swali moja tu, nionyeshe panapouma, nami bila kufikiri nikashika ubavu wa nyonga kwa kiganja, kidole gumba nyuma na vidole vingine mbele, kama herufi C. Akacheka akasema umenijibu tayari. Kumbe wenye tatizo la ndani ya kiungo wengi wanashika hivyohivyo, anayeuma mgongo hashiki hivyo.

Akanilaza chali, akakunja goti likaja juu kifuani, akalisukuma kuelekea upande wa pili huku anauzungusha mguu kwa ndani. Aisee. Niliruka. Ikaja eksirei, ikaja MRI, na kitu ambacho nakisifia kuliko vyote na wengi hawakifanyi: kabla hata ya kuongelea upasuaji alinipiga sindano ya ganzi ndani ya kiungo chenyewe, sindano inaongozwa na mashine ili ifike penyewe sio kwa kubahatisha. Akaniambia nenda kafanye vyote vinavyokuuma, ukae, uchuchumae, upande ngazi, uje uniambie. Nilipanda ngazi kama mwizi anafukuzwa! Masaa machache maumivu hayapo, halafu ganzi ikaisha yakarudi. Hapo ndo tukajua kwa uhakika shida ipo ndani ya nyonga, sio mgongo. Kama mtu anataka kukupasua nyonga na hana uhakika maumivu yanatoka wapi, mwombe hiyo sindano kwanza, kweli nakwambia.

Sasa tatizo lenyewe. Nyonga ni mpira ndani ya kikombe. Kichwa cha mfupa wa paja ndo mpira, na kinatakiwa kiwe duara safi halafu shingo yake iwe nyembamba ili ukikunja mguu isigonge ukingo wa kikombe. Ya kwangu shingoni ilikuwa na kinundu, yaani mfupa umejaa pale ulipotakiwa kubonyea, kwahiyo kila nikikunja mguu kinundu kinaingia kwenye kikombe kwa nguvu na kukwangua. Wengine tatizo ni kikombe chenyewe kimefunika kupita kiasi, wengine wanavyo vyote viwili. Kwenye ukingo wa kikombe kuna raba inayozunguka, wanaiita labramu, kazi yake ni kama ile raba ya mfuniko wa presha kuka, inabana ili maji ya kiungo yasitoke. Ya kwangu ilikuwa imechanika mbele. Ugonjwa huu wa mifupa kugongana ulikuja kueleweka vizuri juzijuzi tu, Profesa Reinhold Ganz na wenzake wa Bern kule Uswisi waliuandika 2003, kwahiyo msimlaumu sana daktari wa zamani aliyewaambia hamna kitu kwenye eksirei. Kamera yenyewe ina historia ndefu zaidi, daktari Michael Burman wa New York alichungulia nyonga za maiti kwa kamera 1931 na akaona nyonga ni kiungo kigumu kuingilia, kimekaa ndani sana na kimebana.

Ila, na hapa nisikilizeni, kinundu peke yake sio ugonjwa. Wapo watu kibao wanacho na hawajawahi kusikia maumivu maishani, ukiwapiga eksirei wote utakuta vinundu. Kwahiyo mtu akikuonyesha picha akasema ona hiki lazima kitoke, na wewe huumwi, kimbia.

Daktari wangu hakukimbilia kisu. Alinipa miezi mitatu ya mazoezi ya fizio kwanza, kuimarisha misuli ya makalio na tumbo na kuacha kuchuchumaa chini kabisa. Nilinung'unika mana nilitaka kimalizike, baadaye nikaja kusoma kwanini. Kuna utafiti mkubwa wa Uingereza ulitoka kwenye jarida la Lancet 2018, watu 348 kutoka hospitali 23, nusu wakapasuliwa kwa kamera nusu wakapewa fizio ya kueleweka. Baada ya mwaka wote walikuwa na nafuu, waliopasuliwa walikuwa juu kwa kama pointi 7 kwenye kipimo cha mia. Pointi 7 ni kitu, sio kidogo kwa anayeumwa, ila sio ule muujiza wa kwenye kijitabu cha mtu anacheka kwenye ngazi. Mimi mazoezi yalinisaidia kama nusu hivi, nalala vizuri, lakini kukaa bado ni mateso. Ndo tukakubaliana.

Kuna watu wawili aliniambia huwa anawakataa. Wa kwanza ni ambaye gegedu, ule utando laini unaofunika mifupa kwenye kiungo, limeshaisha, ile nafasi kati ya mpira na kikombe kwenye eksirei ikishuka chini ya milimita 2 hasogei na kamera, mana kushona raba kwenye kiungo kilichochakaa ni kubadilisha taa ya gari lenye injini imekufa (mfano wake huo sio wangu). Wa pili ni mwenye kikombe kifupi tangu kuzaliwa, hakifuniki mpira vizuri, huyo ukimchokonoa kwa kamera peke yake unaweza kumwachia nyonga inayocheza. Nikamuuliza na swali ambalo nilikuwa naona aibu kuuliza, wewe umeshafanya ngapi. Hakukasirika. Akanijibu idadi na kwa mwezi anafanya ngapi, na waliorudi tena mezani ni wangapi. Daktari akikasirika kwa swali hilo ni jibu pia.

Siku yenyewe. Walinichora mshale kwenye paja la kulia kwa kalamu nikiwa macho, wakaniuliza jina na mguu gani kama mara nne watu tofauti, nikawa najiuliza kwani hawaaminiani? Baadaye nikaelewa heri waulize mara kumi kuliko kuamka umepasuliwa wa kushoto. Nusu kaputi, nikahesabu mpaka saba sikumbuki nane.

Kinachofanyika ukiwa umelala hakipo kwenye kijitabu na ndo kinachoeleza kila kitu kinachofuata. Nyonga imebana, kamera haipiti, kwahiyo wanakufunga miguu kwenye mabuti ya meza maalum wanauvuta mguu mpaka mpira unachomoka kutoka kwenye kikombe kama sentimita moja. Yaani wanakuvuta kweli. Ili mwili usifuate mguu kunakuwa na nguzo yenye sponji katikati ya mapaja, siku hizi kuna meza zisizo na nguzo ila mimi nilipata ya nguzo. Ndo wanaingiza kamera inayoangalia pembeni, nyuzi 70, mana ya kuangalia mbele tu haioni kona za nyonga, wanajaza maji ya chumvi kuvimbisha sehemu waione, huku eksirei inapiga picha kuwaonyesha wapo wapi. Raba iliyochanika ikashonwa kwenye ukingo kwa vinanga vidogo vyenye uzi, halafu mguu ukalegezwa, kinundu kikasagwa na kidrili mpaka shingo ikarudi na kiuno chake. Kuvuta wanajitahidi kusizidi masaa mawili kwa sababu ya mishipa ya fahamu. Nilionyeshwa picha za kabla na baada, ile raba inaning'inia kama uzi wa nguo iliyofumuka halafu picha ya pili imekaa. Hapo nyota zote nne zinahusika, kazi safi.

Nilipoamka, jamani, niseme tu mana hakuna aliyeniambia. Sehemu za siri zilikuwa zimekufa ganzi. Kabisa. Nilimwita nesi nikamuuliza kwa sauti ndogo, dada samahani, vitu vyangu vipo? Akacheka mpaka akashika ukuta, akasema vipo kaka, ni ile nguzo imebana mshipa, siku mbili tatu. Na kweli siku ya tatu hisia zikarudi. Ila mtu huwezi kumwacha aamke agundue mwenyewe! Sekunde ishirini tu za kuambiwa kabla zingeniokoa na usiku mmoja wa mawazo mazito. Na pajani kwa nje kuna sehemu kama ukubwa wa kiganja iko ganzi, ile nayo ni mshipa wa ngozi unaopita jirani na tundu, imepungua ikabaki kama sarafu na hainisumbui.

Niliruhusiwa kesho yake asubuhi. Na hapo hospitali ikanisahau.

Nilipewa karatasi moja, fotokopi ya fotokopi, mchoro wa mguu huoni ni goti au kiwiko. Namba ya simu ya kuuliza maswali inaita mpaka inakata. Miadi ya fizio ya kwao ilikuwa wiki ya nne, wakati kila anayejua kazi hii atakwambia fizio inaanza siku zilezile za mwanzo. Nikatafuta fizio wa pembeni mwenyewe na huyo dada ndo kaniokoa. Alichonifundisha kinafaa kuandikwa kuliko upasuaji wenyewe: wiki tatu za kwanza mguu unakanyaga lakini uzito usizidi kama kilo 10, sasa utajuaje kilo 10? Akaniambia weka mzani wa bafuni sakafuni, kanyaga mpaka mshale ufike kumi, kumbuka hiyo hisia. Nilifanya hivyo kila asubuhi kama sala. Baiskeli ya kukaa sehemu moja bila uzito wowote, dakika kumi na tano, ili kiungo kisigande na makovu ndani. Kulala kifudifudi kila siku ili mbele ya nyonga isikaze, mana mgonjwa wa nyonga anapenda kukaa kwenye kochi amejikunja na huko ndiko kunakoharibu. Kutokunja kupita nyuzi 90, kiti kirefu, choo nikapandishia. Na dawa ya kupunguza uvimbe niliyopewa, ya kundi la akina naproxen, nilitaka kuiacha mana maumivu hayakuwa makubwa, akanizuia, akasema hiyo sio ya maumivu peke yake, inazuia mfupa usiote kwenye nyama mahali uliposagwa. Hiyo nayo haikuwa kwenye fotokopi.

Wiki ya saba nilijiona mzima. Magongo nimeyaweka uvunguni, natembea bila kuchechemea, nikaamua kupanda kilima jirani na nilivyozoea zamani. Mzee, jioni mbele ya nyonga kunawaka moto, nikajua nimechana raba upya. Kumbe ni msuli wa kuinua paja umechoka na ukano wake umevimba, inawapata wengi wanaojifanya wamepona kwa kuangalia kidonda. Nikarudishwa nyuma karibu wiki tatu. Kosa langu, hiyo simtupii mtu, ingawa kile kijitabu kinacheka mahali.

Kwahiyo kwa anayepanga muda: kazi ya kukaa mezani nilirudi wiki ya tatu na mto chini ya makalio na kusimama kila nusu saa, kuendesha gari wiki ya sita, kukimbia polepole nilianza mwezi wa tano baada ya upasuaji. Mwenye kazi ya kubeba mizigo asitegemee chini ya miezi mitatu.

Sasa niwaambie na ya shangazi yangu, mana aliposikia mimi nimefanyiwa kwa matundu na yeye akataka matundu. Ana miaka 68, nyonga ya kushoto imesagika, gegedu halipo, ni mfupa juu ya mfupa. Nikamwambia shangazi, huko kwenye matundu wewe hupo, wewe unawekewa nyonga mpya. Na nyonga mpya haipiti kwenye tundu la sentimita moja, kikombe peke yake kina upana kama wa sentimita 5. Wanachokiita upasuaji mdogo kwenye kubadilisha nyonga ni kovu kama sentimita 10 badala ya lile refu la zamani, na wakipitia mbele wanapanua misuli kwa katikati yake bila kuikata. Njia hiyo ya mbele wala sio mpya, daktari Robert Judet wa Paris aliitumia tangu 1947, hata kabla daktari John Charnley wa Uingereza hajaleta nyonga bandia tunayoijua leo mwaka 1962. Shangazi alifanyiwa ya mbele na siku ileile jioni alisimamishwa, wiki ya tatu anatembea na fimbo moja tu, akawa ananicheka mimi kijana niliyetembelea magongo mawili. Rafiki yake aliyefanyiwa kwa kupitia nyuma alichelewa kidogo mwanzoni, ila miezi mitatu baadaye ukiwaweka pamoja huwatofautishi, na ndivyo tafiti zinavyosema pia, faida ya mbele ipo wiki za mwanzo halafu inayeyuka. Kwahiyo shangazi alipomuuliza daktari wake njia ipi ni bora, alimwambia ile ninayoifanya kila wiki. Jibu zuri sana lile. Njia ya mbele ina mapajani kufa ganzi, ina mfupa wa paja kupasuka kwa daktari anayejifunza, na mwenye tumbo kubwa kidonda kinakaa kwenye mkunjo kinaloana jasho. Na ukihesabu, makusanyo ya takwimu yaliyotoka Lancet 2019 yanaonyesha kama asilimia 58 ya nyonga bandia zinafika miaka 25, na hapo hakuna anayeuliza kovu lilikuwa sentimita ngapi.

Turudi kwangu. Leo hii navaa soksi nimesimama. Nikikaa safari ndefu bado nyonga inakuwa nzito dakika tano za kwanza halafu inaachia. Ule mlio umeisha. Kuchuchumaa chini kabisa siendi na sijui kama nitaenda, na sina shida nalo. Ningerudia? Ndio, kwa daktari yuleyule, na fizio ningekuwa nimeshampata wiki mbili kabla ya kulazwa, na ningeanza kutembelea magongo nyumbani nikiwa mzima mana kujifunza ngazi na magongo ukiwa na dawa za usingizi kichwani ni vituko.

Ah, nisisahau, hospitali walinipigia simu mara moja tu. Mwezi wa tano baada ya upasuaji, dada ana sauti nzuri, anasema anapiga kufuatilia huduma kwa mteja, akaniuliza kidonda kinaendeleaje. Ilibidi nikainue kaptura nikitafute.